Tay Ninh na Cu Chi: hekalu na mahandaki kwenye udongo moja

Leo ninawapeleka mbali kidogo, kusini ya Vietnam. Kule kuko safari ya siku moja ambayo kampuni nyingi za utalii za muji wa Ho Chi Minh (ule muji watu wengi bado wanauita Saigon) zinauzisha kila siku. Asubuhi unapanda bisi. Saa sita ya muchana uko ndani ya hekalu la dini ya Cao Dai kule Tay Ninh. Saa tisa uko mu mahandaki ya vita kule Cu Chi. Magaribi umesharudi kwenye hoteli. Asubuhi dini, nyuma ya chakula vita.

Kwa mutu wa agronomi, jina la Tay Ninh linajulikana juu ya muhogo, haiko juu ya utalii. Mimi niliingia mu habari hii kwa njia ya ugonjwa wa majani ya muhogo, na nitawaeleza mbele kidogo. Lakini kadiri nilivyosoma juu ya lile jimbo, njo niliona kama hii safari inaacha jambo moja kubwa pembeni. Mugeni anaonyeshwa vitu viwili sawa vile havijuane: hapa dini yenye rangi nyingi, pale vita. Kumbe ni historia moja. Wakulima wa udongo moja walikuwa wanatafuta mahali pa kujikinga wakati nguvu za wakubwa zilikuwa zinapita juu ya vichwa vyao. Wengine walijikinga chini ya paa ya hekalu, wengine chini ya udongo. Mutu akielewa ile mbele ya kupanda bisi, ataona vitu ambavyo picha za simu hazionyeshe.

Siku yenyewe inapita gisi gani

Tay Ninh iko karibu kilomita 100 kaskazini-magharibi ya Ho Chi Minh, upande wa mupaka wa Kambodia. Programu yote inafuata saa ya ibada. Mu hekalu la Tay Ninh wanafanya ibada mara ine kila siku: saa kumi na mbili ya asubuhi, saa sita ya muchana, saa kumi na mbili ya magaribi na saa sita ya usiku. Wageni wanakuja kwa ile ya saa sita ya muchana. Ile njo sababu bisi inapita kwanza karibu na Cu Chi bila kusimama, inaenda paka Tay Ninh, kiisha inarudi nyuma kwa mahandaki.

Cu Chi nayo iko na mahali pawili pa kutembelea. Ben Dinh iko karibu zaidi na muji, na bisi nyingi za wageni zinasimama pale. Ben Duoc iko mbali zaidi, watu ni wachache. Mushike hii tofauti mu kichwa, tutairudilia.

Sehemu kubwa ya siku inapita mu barabara. Wageni wengi wanalala mu bisi. Ni bahati mbaya, juu barabara njo inaunganisha ile yote wanayoenda kuona.

Dini iliyozaliwa mu biro za koloni

Cao Dai ni dini ya juzi-juzi. Ilitangazwa rasmi mwaka 1926, wakati Vietnam ilikuwa chini ya Wafaransa. Mutu wa kwanza kuipokea alikuwa Ngo Van Chieu, mutumishi wa serikali ya koloni aliyefanya kazi kwenye kisiwa cha Phu Quoc. Wengine waliofuata walikuwa makarani wa biro za Saigon. Mumoja wao, Pham Cong Tac, alikuwa karani wa duane, na yeye njo alikuja kuwa kiongozi mukubwa wa Tay Ninh. Kwa hiyo hawakuwa wazee wa kijiji. Walikuwa vijana waliosoma masomo ya Wafaransa, wenye kazi ya kalamu, lakini ambao mu ile kazi hawakuweza kupanda kupita Muzungu. Wasomaji wa ukurasa huu wataelewa haraka ile hali ya mutu mwenye diplome na mulango uliofungwa.

Walikuwa wanakusanyika usiku kuita roho. Ile desturi ilikuwa na mizizi miwili: ya Wachina na Wavietnam wenyewe, na ya Ufaransa, ambako kuita roho kwenye meza kulikuwa kumeenea tangu karne ya 19. Pale njo mugeni wa Kongo anashangaa zaidi, kwa sababu mu mulango wa hekalu kuko picha kubwa ya watakatifu watatu wanaoandika agano na Mungu, na mumoja wao ni Victor Hugo. Ndiyo, ule ule Victor Hugo wa masomo yetu ya kifaransa mu segondere. Wawili wengine ni Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi ya China ya 1911, na Nguyen Binh Khiem, mutunga mashairi wa Vietnam wa karne ya 16. Maneno ya agano yameandikwa kwa kichina na kwa kifaransa, na maana yake ni Mungu na Wanadamu, Upendo na Haki.

Wageni wengi wanacheka mbele ya ile picha. Lakini haiko kichekesho. Hugo mwenyewe, wakati alikuwa amekimbia Ufaransa na kuishi kwenye kisiwa cha Jersey, alikuwa anafanya vikao vya kuita roho. Wale makarani walijua ile habari. Kiisha muwaze: mutu ambaye koloni inamufundisha kila siku kama Ufaransa iko juu yake, anamuchukua mutu mukubwa kabisa wa Ufaransa, anamuweka sawa sawa na Muchina na Muvietnam, na wote watatu wanaandika mbele ya Mungu moja. Kwa mutu wa wakati wa koloni, ile ilikuwa neno zito.

Dini yenyewe inakusanya njia za Buda, za Konfusio na za Laozi, na inamupa Yesu pia nafasi. Alama yake ni jicho moja, jicho la kushoto la Mungu, na utaliona kila mahali: mu madirisha, juu ya mulango, na juu ya dunia kubwa ya duara iliyo mu mwisho wa chumba. Wakubwa wa dini wanavaa rangi tatu: manjano kwa njia ya Buda, bluu kwa njia ya Laozi, nyekundu kwa njia ya Konfusio. Waamini wa kawaida wanavaa nyeupe. Wanawake wanaingia upande wa kushoto, wanaume upande wa kulia. Mwanamuke anaweza kupanda paka cheo cha kardinali, lakini cheo cha papa hapana.

Jengo lenyewe walilijenga kati ya 1933 na 1955. Kwa mbele liko na minara miwili sawa kanisa la Wakatolika, mapaa yake yanapandana sawa hekalu la Wabuda, na ndani kuko nguzo zilizozungushwa na majoka ya rangi. Sakafu inapanda kidogo kidogo kwa ngazi tisa kuelekea lile jicho. Wageni wanavua viatu, wanapanda kwenye balkoni ya juu, na kutoka pale wanaangalia mistari ya watu weupe wakipiga magoti na kuinama pamoja, huku wapiga vyombo na waimbaji wakisindikiza.

Hekalu lililokuwa na askari wake

Hapa njo mahali ambapo hadisi ya safari inakuwaga fupi sana. Ile dini ya upendo na haki ilikuwa na jeshi.

Wafaransa waliiogopa Cao Dai tangu mwanzo, juu iliingia haraka kwa wakulima. Mwaka 1941 walimukamata Pham Cong Tac na kumupeleka kifungoni Madagaska, huku kwetu upande wa Afrika, paka 1946. Mutu wa Kongo atakumbuka mara moja Simon Kimbangu, aliyeanza kuhubiri 1921, akakamatwa mwaka ule ule, na akafia mu gereza la Élisabethville mwaka 1951. Koloni mbili tofauti, lakini dawa yao ilikuwa moja: kiongozi wa dini akikusanya watu wengi, mupeleke mbali na watu wake.

Tofauti ilikuja nyuma. Wakati wa vita kubwa ya dunia, Wajapani walikuwa Vietnam, na watu wengi wa Cao Dai waliwategemea. Vita ilipoisha, Cao Dai iligombana kwa damu na Viet Minh, wapiganaji wa Ho Chi Minh. Wafaransa, ambao jana walikuwa wamewafunga, walikuja kupatana nao: waliwapa bunduki, na wao wakalinda Tay Ninh. Kwa miaka karibu kumi Cao Dai ilikuwa sawa serikali ndani ya serikali, na maelfu ya askari wake. Wakulima waliokimbia mapigano walikuja kujenga karibu na hekalu, juu pale kulikuwa mutu wa kuwalinda. Muji ulikua pembeni ya lile hekalu.

Hekalu lilifunguliwa 1955. Mwaka ule ule, Ngo Dinh Diem, mukubwa mupya wa Vietnam ya Kusini, alianza kuvunja majeshi yote ya dini. Mwanzo wa 1956 Pham Cong Tac alikimbilia Kambodia, na alikufa kule 1959. Mabaki yake yalirudishwa Tay Ninh mwaka 2006 tu. Nyuma ya 1975, wakati wakomunisti walishinda, serikali ilichukua mashamba na majengo mingi ya dini. Ilikubaliwa tena rasmi 1997. Sensa ya 2019 ilihesabu waamini zaidi kidogo ya nusu milioni mu inchi muzima.

Kwa hiyo ile amani munayoona saa sita ya muchana, zile nguo nyeupe na ile harufu ya ubani, ni amani ya watu waliojaribu kushika bunduki kwa kujikinga, kisha bunduki ikawaletea adui kila upande. Wafaransa, Viet Minh, Diem, wakomunisti: hakuna hata mumoja aliyewaamini kabisa.

Trang Bang: mahali ambapo bisi haisimame

Kati ya Tay Ninh na Cu Chi, barabara inapita Trang Bang. Leo pale wanajulikana kwa mikate myembamba ya mucele, ile wanayoianika usiku paka umande unailainisha. Lakini wote hapa mumeshaona Trang Bang, hata kama jina hamulijui.

Tarehe 8 mwezi wa 6, 1972, wakaaji wa Trang Bang walikuwa wamekimbilia ndani ya hekalu dogo la Cao Dai la pale, juu mapigano yalikuwa yamefika mu kijiji. Walipotoka mbio, ndege ya Vietnam ya Kusini, ile ya upande wa serikali yao wenyewe, ilimwaga napalm. Mutoto wa miaka 9, Phan Thi Kim Phuc, alikimbia mu barabara bila nguo, ngozi yake ikiungua, mikono imepanuka. Ile picha ilizunguka dunia yote na ilipata tuzo la Pulitzer mwaka 1973. Kim Phuc alipona, na leo anaishi Kanada.

Jamaa yake walikuwa watu wa Cao Dai. Hekalu walilokimbilia lilikuwa mutoto wa lile hekalu kubwa la Tay Ninh. Na barabara aliyokimbia ni ile ile barabara kubwa ya kutoka Saigon kwenda mupaka. Kwa hiyo kama munataka mahali moja ambapo dini na vita vinakutana, haiko mu hekalu kubwa na haiko mu mahandaki. Iko pale, mu dirisha la bisi, wakati wengi wanasinzia nyuma ya kula.

Cu Chi: juu ya nini udongo haukuanguka

Sasa tufike mahandaki. Wavietnam walianza kuyachimba mu miaka ya mwisho ya 1940, wakati wa vita na Wafaransa. Mwanzoni yalikuwa mashimo mafupi ya kuficha watu na silaha chini ya nyumba. Mu miaka ya 1960, vita na Wamarekani ilipokuwa kali, waliyaunganisha kijiji kwa kijiji. Hesabu inayotolewa ni karibu kilomita 250 za njia chini ya udongo, mu eneo la Cu Chi peke yake.

Swali la mutu wa agronomi ni hili: juu ya nini hayakuanguka? Hawakuwa na saruji, na vyuma havikuwa. Walikuwa na jembe dogo na kitunga cha mianzi.

Jibu liko mu udongo. Cu Chi iko kwenye udongo wa zamani sana ulioletwa na mito, ulio juu kupita bonde la Mekong. Sehemu ya juu ni nyepesi na ina muchanga. Chini yake kuko udongo wa mufinyanzi wenye chuma mingi, jamaa ya lateriti, ule udongo mwekundu ambao kwetu wanamwaga mu barabara. Ule udongo uko na tabia moja ya ajabu: ukiwa na maji unachimbika kwa mukono, lakini ukifunuliwa kwa hewa na kukauka, unakuwa mugumu sawa tofali. Mutu anachimba wakati wa mvua, jua linamufanyia kazi ya saruji. Tena maji ya chini yalikuwa mbali ya kutosha. Mu bonde la Mekong, kusini kidogo tu, ungechimba mita moja na maji yangekujaza. Mizizi ya miti na ya mianzi nayo ilishika udongo wa juu.

Udongo waliotoa waliuficha gisi gani? Ukichimba kilomita nyingi, unapata vilima vya udongo mupya, na ndege inaviona. Waliubeba usiku, wakamwaga mu muto Saigon, mu mashimo ya mabomu, na mu mashamba. Mutu asiyejua kazi ya shamba hawezi kuwaza ile. Wao walikuwa wakulima, walijua udongo mupya unafananaga namna gani na mahali gani utapotea.

Njia zilikuwa nyembamba sana, chini ya mita moja kwenda juu, mutu anapita kwa kuinama ao kutambaa. Zilikuwa na magorofa ya chini, la kwanza karibu mita 3, la mwisho karibu mita 10. Ndani kulikuwa vyumba vya kulala, visima, mahali pa kutunza wagonjwa, mahali pa kutengeneza silaha kwa baruti ya mabomu ya Wamarekani ambayo hayakupasuka. Mahali fulani njia ilishuka ndani ya maji na kupanda tena, kusudi gazi ya adui isipite. Matundu ya kupumulia waliyaficha mu vichuguu vya muchwa. Moshi wa jiko waliupitisha mu mifereji mirefu paka unatoka pole pole, mbali, wakati wa ukungu wa asubuhi. Ile jiko inaitwa Hoang Cam, jina la mupishi wa jeshi aliyeitengeneza mu vita na Wafaransa.

Musiwaze kama ilikuwa maisha mazuri. Malaria iliwaua wengi. Kulikuwa nge, nyoka, minyoo, njaa. Kuna siku watu hawakupanda juu hata kidogo. Watu wakipona mu shimo, haiko lazima shimo likuwe zuri.

Wamarekani juu, wakulima chini

Mwezi wa 1, 1966, karibu waaskari 8,000 wa Marekani na Australia waliingia Cu Chi mu operesheni Crimp. Mwaka ule ule divizio ya 25 ya Marekani ilijenga kambi yake Cu Chi, na usiku walipigwa risasi bila kujua zinatoka wapi. Mwezi wa 1, 1967, operesheni Cedar Falls ilileta karibu watu 30,000. Kijiji cha Ben Suc kilifutwa: wakaaji wake walipakizwa na kupelekwa kambini, nyumba zikachomwa, kisha mashine zikasawazisha kila kitu. Nyuma, ndege za B-52 ziliangusha mabomu mazito, na yale njo yaliponda mahandaki mingi.

Na kulikuwa silaha ingine, ambayo sisi wa agronomi tunapashwa kuijua kupita wote: dawa ya kuuwa majani. Kati ya 1962 na 1971, ndege za Marekani zilimwaga litre zaidi ya milioni 70 za hizo dawa mu Vietnam ya Kusini, kwa kuvua pori na kuharibu mashamba. Iliyojulikana zaidi iliitwa Agent Orange, juu ya rangi ya mustari kwenye pipa. Ilikuwa muchanganyo wa dawa mbili: 2,4-D na 2,4,5-T. Ile ya kwanza bado inauzishwa leo mu inchi nyingi kwa mashamba ya mahindi. Ile ya pili, wakati wa kuitengeneza, ilizaa sumu inaitwa dioksini, na ile sumu njo ilibaki mu matope, mu samaki, mu mwili wa watu. Mutu mwenye lisansi ya agronomi asome hii habari mara mbili. Zilikuwa dawa za shamba, zilitoka mu maabara za watu kama sisi.

Kwa hiyo mukifika Cu Chi na mukaona miti mizuri ya kivuli, mujue kama mingi ni ya juzi, ilikuja nyuma ya vita. Lile pori la zamani halikubaki.

Masasi ya kununua na majina mu ukuta

Ziara ya Ben Dinh inafanana hivi: filme fupi ya zamani ya kusifu wapiganaji, mitego ya miti yenye ncha kali, mulango mudogo ambamo mugeni mumoja anaingia na wengine wanapiga picha, kisha kutambaa mu sehemu ya handaki waliyoipanua kwa ajili ya wageni. Kwa anayeogopa mahali pafinyu, kuko milango ya kutokea njiani. Mwishoni wanakupa muhogo wa kuchemsha na karanga zilizosagwa na chumvi, chakula cha wapiganaji.

Tena kuko uwanja wa kupiga bunduki. Unalipa kwa hesabu ya masasi, unapewa AK-47 ao M16, na unapiga. Kila mugeni anayetembea mu yale mapori anasikia ule mulio. Mutu kutoka Ulaya ataona ni mchezo. Mutu kutoka Kivu ao Ituri, sijui kama atamaliza ule muhogo.

Sisemi serikali ya Vietnam imekosa. Wao walishinda, ni inchi yao, na wanapata franga pale ambapo kulikuwa mashimo ya mabomu. Lakini muangalie kitu ambacho wanaonyesha na kitu ambacho wanaacha. Wanaonyesha werevu wa waliochimba. Mkulima wa Ben Suc ambaye alitaka tu kuvuna mupunga wake, askari wa Vietnam ya Kusini aliyezaliwa mu kijiji kile kile, mwamini wa Cao Dai ambaye kila upande ulimushuku: wale hawana nafasi mu filme.

Kule Ben Duoc, mahali ambapo bisi nyingi hazifike, kuko hekalu la tatu. Lilijengwa mu miaka ya 1990 kwa ukumbusho wa vita, na mu kuta zake wameandika majina zaidi ya 44,000 ya wapiganaji waliokufa. Jina kwa jina. Ni majina ya upande mumoja tu. Lakini ni majina, haiko hesabu. Kama mutu iko na siku moja tu, mimi ningemuambia aombe Ben Duoc.

Muhogo unaunganisha

Niliahidi muhogo. Wapiganaji waliula kwa sababu tunazozijua vizuri: unakubali udongo mukavu na maskini, na hauhitaji ghala, udongo njo ghala yake. Unaungojea shambani paka siku unapata njia ya kwenda kuung'oa. Watu waliozoea kukimbia vita wanaheshimu ile tabia.

Leo Tay Ninh ni moja ya majimbo ya kwanza ya muhogo mu Vietnam. Wanavuna zaidi ya toni 30 kwa hektari moja, wakati Kongo tunabaki karibu na 8. Sehemu kubwa inaenda mu viwanda vya wanga, na wanga mingi inaenda China. Mwaka 2017 mozaiki ya muhogo iliingia Tay Ninh, ilitoka upande wa Kambodia. Inabebwa na inzi weupe, lakini zaidi inabebwa na vijiti vya kupanda ambavyo watu wanauziana. Afrika ilikuwa imepigana na mozaiki tangu zamani, na mbegu zinazovumilia zilikuwa mu mikono ya IITA, ile ile yenye kituo Kalambo, Kivu ya Kusini. Kwa zile mbegu za Afrika njo watafiti wa Vietnam walipata aina za kusaidia wakulima wao. Ni kitu kidogo, lakini mutu wa Kongo anayekula ule muhogo wa Cu Chi haiko mugeni kabisa pale.

Maswali ya kuuliza muongozaji

Kama siku moja mutapata burse ao kazi upande ule, muende. Muvae nguo za kufunika mabega na magoti kwa ajili ya hekalu, na musipige picha ya mutu anayesali mbele ya uso wake. Na mumuulize muongozaji maswali haya: Trang Bang tunapita saa ngapi? Watu wa hekalu walikuwa upande gani wa vita, na waliishi gisi gani nyuma ya 1975? Ben Suc ilikuwa wapi? Nani aliyeishi hapa juu ya handaki, na alienda wapi? Waongozaji wengi wanajua mingi kupita ile wanayosema. Wanangojea mutu aulize.

Kwetu, kila tarehe 2 mwezi wa 8 tunakumbuka Genocost, na tunatajaga mamilioni. Majina ni machache. Sisi wenye lisansi njo tunatumwa mu vijiji kwa ankete ya mbegu, ya mavuno, ya mbolea. Tunaandika hektari na kilo, kisha tunafunga kaye na kurudi mujini. Wazee wanaokumbuka nani alikimbilia kanisa gani, nani alijificha mu shamba gani, shimo gani lilifunikwa na lini, wangali hai mu vile vijiji, lakini wanapunguka kila mwaka. Ukurasa moja wa nyuma ya kaye unatosha kwa kuanza: jina, mwaka, mahali. Mu ankete yenu inayokuja, mutaanza na kijiji gani?